Buenos Aires kwa miguu: jiji linalojiona la Kizungu, na nyayo zetu chini yake

Bint Pangani (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Nyuzi za safari humu ndani ni Dubai, Istanbul na Guangzhou. Amerika Kusini haiguswi, na mtu akiigusa basi ni Brazil na fukwe zake. Novemba 2024 kazi ilinipeleka Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Kikao kilikuwa cha siku tatu, nikajiongezea wiki ya likizo kwa hela yangu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nisome kuhusu yale niliyoyaona. Kilichonigusa kule hakimo kwenye matangazo ya utalii, ndiyo maana nafungua uzi.

Njia kwa ufupi. Nilipanda Ethiopian: Addis Ababa, São Paulo, halafu Buenos Aires. Visa niliiomba ubalozi wa Argentina ulioko Nairobi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani. Uwanja wa Ezeiza uko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, kwa hiyo ukifika usiku jipange na usafiri mapema.

Kilichonisimamisha kwanza ni miti. Novemba jakaranda zote zimechanua, barabara nzima zambarau, na maua yaliyoanguka yametandika njia ya waenda kwa miguu. Nilidhani nipo Nairobi! Baadaye nikajua kwamba mti huu asili yake ni huko huko, Argentina na Bolivia, na sisi ndio tulioletewa. Miaka yote hii nilikuwa nauona jakaranda kuwa mti wetu.

Nilifika Jumamosi. Jumapili asubuhi nikaenda San Telmo, mtaa wa zamani upande wa kusini mwa jiji. Kila Jumapili barabara ya Defensa hufungwa, magari hayapiti, wauzaji wanapanga meza kuanzia karibu na Plaza de Mayo hadi Plaza Dorrego na kuendelea. Chupa za soda za zamani, vikombe vya *mate* (ndiyo chai yao ya majani), mikanda ya ngozi, saa za mababu, vibao vya majina ya barabara. Watu wanacheza tango pale uwanjani mchana kweupe. Nyumba ni za ghorofa mbili tatu, zina baraza za chuma, rangi imebabuka. Mtaa huu walikuwa wakikaa matajiri mpaka homa ya manjano ilipopiga mwaka 1871, ikaua watu zaidi ya 13,000. Wenye uwezo wakahamia kaskazini na hawakurudi tena, majumba yao yakakatwa vyumba vyumba, wakapangishiwa wahamiaji kutoka Ulaya.

Jioni, wauzaji wakiwa wanakunja meza, nikasikia ngoma. Wakuu, nilikuwa nimechoka, nimekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Nikainuka. Kundi la vijana wamewasha moto wa makaratasi na mbao pembeni ya barabara, wamezunguka, wanazipasha moto ngoma zao ili ngozi ikaze. Hicho kitendo nimekiona Pangani tangu mtoto. Halafu wakazivaa begani, fimbo mkono mmoja, kiganja mkono wa pili, wakaondoka kwa mwendo wa pole pole huku watu wanafuata nyuma. Wanaiita *candombe*. Wengi wa wapigaji walikuwa na sura za Kizungu. Mdundo haukuwa wa Kizungu hata kidogo. Nilifuata mpaka giza likaingia.

Nitaendelea. Nauliza kwanza: nani keshafika kule?

Kiungo Mkabaji

Nipo siti ya mbele. Dada tuambie La Bombonera, uwanja wa Boca Juniors, hayo mengine baadaye.

Mzee wa Gerezani

Hongera binti kwa safari. Ila mimi nijuavyo Argentina hakuna watu weusi. Waliwapeleka vitani wakaisha. Angalia timu yao ya taifa utaona. Hizo ngoma watakuwa wameziiga Brazil.

Nakuru Mjini

Asante dadangu kwa uzi. Naomba utuambie bei, chakula na hoteli, ndio tujue tujikusanye na ngapi.

Bint Pangani

Mzee wa Gerezani, shikamoo. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana swali lako ndilo lililonifanya nikasome.

Hesabu ya watu ya mwaka 1778 ilionyesha kwamba karibu theluthi ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa Waafrika na wenye damu ya Kiafrika. Theluthi nzima. Waliletwa kwa meli kutoka Kongo, Angola, Afrika Magharibi, na mwishoni mwa karne ile wengi wakatoka Msumbiji. Kwa hiyo pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi nayo imo kwenye mawe ya mji ule.

Ni kweli walipelekwa vitani. Vita vya uhuru, vita vya ndani, kisha vita vya Paraguay kuanzia 1865. Homa ya manjano nayo ikaikumba zaidi mitaa ya kusini walikokaa. Halafu wakaja wahamiaji wa Ulaya kwa mamilioni, wakaoana, na makarani wa sensa wakaacha kuuliza. Lakini kuisha hawakuisha. Sensa ya 2022 ilipouliza, watu zaidi ya 300,000 nchini walijitambulisha kuwa na asili ya Kiafrika. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba hayupo, halafu anasimama mbele ya karani na kusema nipo, huyo namheshimu.

Kuna jambo lingine. Siku ya pili nilikwenda kubadilisha dola, nikapewa noti za peso 10,000. Nikaangalia: mwanamke mweusi! Anaitwa María Remedios del Valle, amewekwa pamoja na Jenerali Manuel Belgrano. Alipigana katika jeshi la Belgrano wakati wa vita vya uhuru, akapoteza mume na watoto wake vitani, akapewa cheo cha kapteni, askari wakamwita mama wa taifa. Baadaye akaonekana akiomba omba katika mitaa ya Buenos Aires, mpaka ofisa mmoja aliyepigana naye akamtambua. Alifariki tarehe 8 Novemba 1847, na siku hiyo ndiyo sasa siku ya taifa ya Waargentina wenye asili ya Kiafrika. Mimi nilitua tarehe 9. Ningejua ningewahi.

Nakuru Mjini, kuhusu bei nakuomba radhi, sitakutajia peso. Bei kule hupanda mpaka namba ya leo mwezi ujao haina maana. Beba dola safi zisizokunjwa. Barabara ya Florida utasikia watu wanaita *cambio, cambio* kila hatua tano. Mimi sikuwafuata, nilikwenda duka lenye dirisha na risiti. Usafiri ndani ya mji ni rahisi: unanunua kadi ya SUBE, unaijaza, unagusa kwenye basi na kwenye treni ya chini ya ardhi.

Nakuru Mjini

Hapo kwa noti nimepigwa na butwaa. Endelea.

Fundi Saa

Usalama je? Nasikia wezi wa simu ni wengi. Na mtu mweusi anatazamwaje?

Bint Pangani

Fundi Saa, simu usiitoe ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara au karibu na mlango wa treni. Kuna mchezo wa kukumwagia kitu kwenye nguo, kisha anatokea msamaria wa kukufuta, na mwenzake anaondoka na begi. Ulinitokea karibu na bustani moja. Nilishika begi kifuani, nikaingia dukani bila kujibu chochote, wakaniacha. La Boca nenda mchana, baki kwenye mitaa yenye watalii, ukimaliza ondoka kwa gari.

Kutazamwa, utatazamwa. Wengi kwa udadisi. Neno *negro* au *negra* utalisikia sana, wanaitana hata wao kwa wao, mume na mke, rafiki na rafiki, kwa mapenzi. Lakini hulitumia pia kwa dharau, na kwa mgeni si rahisi kujua lini ni lipi. Mimi sikulizoea. Kule mtaa wa Once nilikutana na kijana wa Senegal anayeuza mikanda na miwani barabarani. Tulizungumza kwa vipande vya Kifaransa na Kihispania. Aliponiuliza nimetoka wapi nikasema Tanzania, akashika moyo wake, akasema, «Dada, karibu nyumbani.» Barabarani, Once, kati ya mabasi.

Mabasi yenyewe wanayaita *colectivo*. Ya zamani yalipakwa maua, mistari inayojipinda na misemo, sanaa inayoitwa *fileteado*. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake mwaka 2015. Wenye daladala na matatu zetu wangeelewana vizuri sana na wale mafundi. Siku hizi utaiona zaidi kwenye vibao vya maduka.

Kiungo Mkabaji

La Bombonera, dada.

Bint Pangani

Haya mdogo wangu. Uwanja ulifunguliwa 25 Mei 1940. Umebanwa katikati ya nyumba za mtaa wa La Boca, ndiyo maana upande mmoja umesimama wima kama ukuta huku pande tatu zimepinda. Tiketi ya mechi kwa mgeni ni kazi, karibu zote ni za wanachama. Mimi niliingia kwenye jumba la makumbusho la klabu na kutembezwa ndani. Ukisimama pale chini ukitazama juu unaelewa kwa nini timu za wageni huogopa. Rangi ya buluu na njano, wanasimulia kwamba ilitoka kwenye bendera ya meli ya Uswidi iliyopita bandarini.

Kutoka hapo unatembea hadi Caminito. Nyumba za mabati zilizopakwa kila rangi. Waitaliano kutoka Genova walizijenga na kuzipaka kwa rangi iliyobaki kwenye meli, kile kilichopatikana ndicho kilichopakwa. Mchoraji Benito Quinquela Martín, mtoto wa mtaa ule, ndiye aliyepigania kichochoro hicho kikawa makumbusho ya wazi mwaka 1959. Sasa hivi pamejaa vinyago vya Maradona na Messi na wapiga debe wa migahawa wanaokuvuta mkono. Saa moja inatosha.

Mwenyewe ningekushauri ufike Obelisco, ule mnara mweupe wa mita 67 na nusu uliojengwa 1936 katikati ya Avenida 9 de Julio. Ndiko taifa zima lilikomiminika Desemba 2022 walipochukua Kombe la Dunia. Barabara ni pana mpaka taa ya waenda kwa miguu inakukuta katikati, unangoja ya pili.

Mzee wa Gerezani

Marahaba binti. Nimekusoma, na kwa hilo la sensa nimekuelewa. Ila hukunijibu la ngoma.

Mrundi wa Mbali

Naomba niingie. Nimesoma Buenos Aires miaka minne. Mzee, candombe unayoisikia San Telmo siku za Jumapili kwa sehemu kubwa imerudishwa na watu wa Uruguay, ng'ambo ya mto, ambako haikukatika. Lakini Buenos Aires ilikuwa na candombe yake tangu zamani, na kuna familia zilizoitunza ndani ya nyumba zao, mbali na macho ya watu. Kwa hiyo si kuiga Brazil.

Halafu sikilizeni maneno. Fujo au vurugu wanaita *quilombo*. Ni kilombo cha Kimbundu, kambi. Mtumishi wa nyumbani *mucama*. Utumbo *mondongo*. Na mahali watu wanapokutana kucheza tango panaitwa *milonga*, neno ambalo wengi wanalitoa kwenye *mulonga* ya Kimbundu, maana yake maneno, mazungumzo.

Bint Pangani

Mrundi, nywele zimenisimama. Kulonga! Mabibi zetu wanasema «njoo tulonge». Kwa hiyo Muargentina anayekwenda milonga anakwenda kulonga, hajui tu.

Mrundi wa Mbali

Polepole dada. Ni ndugu wa mbali, si neno lile lile. Na asili ya neno «tango» lenyewe watu wanabishana hadi leo. Lakini ukikaa kwenye milonga utaona ni mazungumzo kweli. Mwanamume haji kwenye meza kukuomba. Anakutazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, ukikubali unatikisa kichwa kidogo, usipotaka unageuza macho, na hakuna aliyeaibika mbele za watu. Mnacheza nyimbo tatu au nne, kisha unapigwa muziki mwingine mfupi, kila mtu anarudi kwake. Usiende onyesho la watalii lenye chakula cha jioni. Nenda milonga ya mtaani, kaa, tazama.

Bint Pangani

Nilikwenda moja siku ya Jumanne, nikakaa kwenye kona. Kilichonivutia ni wazee. Bibi wa miaka themanini hivi, viatu vya kisigino, amefumba macho, kijana anamwongoza, na ukumbi mzima unampisha.

Niseme la Alhamisi, halafu nipumzike.

Plaza de Mayo ndiyo kitovu. Ikulu ya rangi ya waridi, Casa Rosada, upande mmoja, Cabildo upande wa pili, kanisa kuu ambalo Papa Fransisko alikuwa askofu wake mkuu kabla ya kwenda Roma. Watu hupiga picha wakaondoka. Ukiweza, nenda Alhamisi saa tisa na nusu alasiri.

Tarehe 30 Aprili 1977 akina mama 14 walikwenda pale kuulizia watoto wao waliochukuliwa na utawala wa kijeshi. Polisi wakawaambia mikusanyiko hairuhusiwi, msisimame, tembeeni. Wakatembea. Wawili wawili, wakiuzunguka mnara mdogo ulioko katikati. Wakajifunga vitambaa vyeupe kichwani, vya kwanza vilikuwa nepi za watoto. Baadhi yao nao wakatekwa wakauawa, pamoja na mmoja wa waanzilishi, Azucena Villaflor. Waliobaki wakaendelea. Hata nilipofika, miaka 47 baadaye, walikuwa wakizunguka, wawili watatu wamebaki na nguvu za kutembea, wamekamatwa mikono na vijana, umati nyuma unaitikia majina. Kila jina likitajwa watu wanajibu *presente*, yupo. Vitambaa hivyo vimechorwa pia chini, kwenye sakafu ya uwanja. Nilipogundua nimekanyaga kimoja nilirudi nyuma.

Mashirika ya haki za binadamu yanahesabu waliopotezwa kuwa 30,000, kati ya 1976 na 1983. Wajawazito walizalishwa kizuizini na watoto wakagawiwa kwa familia nyingine. Akina bibi wao wanawatafuta mpaka leo, na wameshawapata zaidi ya 130, watu wazima sasa.

Mrundi wa Mbali

Ukirudi nenda ESMA, chuo cha wanamaji kilichokuwa kituo cha mateso. Tangu 2023 ni urithi wa dunia. Usiende na ratiba nyingine siku hiyo.

Binti wa Mchikichini

Dada mimi nauliza chakula. Tunaokula halali tunaishije kwenye nchi ya nyama?

Bint Pangani

Swali zuri mdogo wangu, maana na mimi lilinihusu. Harufu ya nyama choma iko kila kona, wanaita *asado*. Ila *choripán*, mkate wenye soseji, mara nyingi ina nguruwe, kwa hiyo niliipita. Nilikula *empanada* za mahindi zinazoitwa *humita*, nazo kwa umbo ni sambusa iliyonona, na pizza ya jibini na vitunguu kule barabara ya Corrientes, mnene kama mkate. Migahawa huamka saa tatu usiku. Ukienda saa moja utakuta wanafagia.

Na msikiti upo, mkubwa kuliko yote Amerika ya Kilatini, kituo cha Kiislamu cha Mfalme Fahd mtaa wa Palermo, kilifunguliwa mwaka 2000. Niliswali Ijumaa pale. Watu wa Syria, Lebanon, Senegal. Hapo hapo jirani kuna kiwanja kidogo chenye sanamu ya Falucho, askari mweusi ambaye inasimuliwa kwamba aliuawa huko Callao, Peru, mwaka 1824 kwa kukataa kuiheshimu bendera ya Hispania. Mabasi yanapita, hakuna anayeitazama.

Fundi Saa

Mimi natarajia kupita kule mwezi wa pili, nina siku moja tu kabla ya kuunganisha ndege. Unipange njia.

Bint Pangani

Februari ni joto kali kule, kunywa maji.

Anza Congreso, kwenye jengo la bunge, asubuhi, shuka Avenida de Mayo kwa miguu. Utapita Palacio Barolo, jengo la mwaka 1923 lililopangwa kwa kufuata jehanamu, toharani na pepo ya Dante, mshairi wa Italia. Kahawa unywe Tortoni, ipo tangu 1858, lakini kama foleni ni ndefu usipoteze muda, mikahawa mizuri ni mingi. Plaza de Mayo. Kisha ingia Defensa hadi San Telmo, na pale kichochoro cha San Lorenzo utaona nyumba yenye upana wa mita mbili na nusu tu. Watu husimulia kwamba bwana alimpa mtumwa wake aliyeachwa huru. Wanahistoria wanasema ni kipande kilichobaki cha nyumba kubwa. Hata hivyo isimamie.

Mchana chukua gari hadi makaburi ya Recoleta. Nyumba za marumaru kama mtaa wa watu walio hai, na kaburi la Evita, yaani Eva Perón aliyekuwa mke wa rais, liko kwenye uchochoro mwembamba, limeandikwa Familia Duarte, utalijua kwa maua. Mwili wake ulifichwa Italia kwa jina la bandia kwa miaka mingi kabla ya kulazwa pale. Ukitoka, duka la vitabu la El Ateneo liko mwendo wa robo saa, ni ukumbi wa maonyesho wa 1919, na jukwaa sasa lina meza za kahawa.

Mwisho nenda Retiro, Plaza San Martín. Utaona miti mikubwa, vijana wamelala kwenye majani, ukuta wenye majina 649 ya waliokufa vita ya Malvinas (visiwa vya Falkland) mwaka 1982. Ni pazuri sana saa kumi na moja jioni. Katika karne ya 18 kampuni ya Waingereza ilikuwa na ghala lake la watumwa eneo hilo. Waliteremshwa mtoni, wakafungiwa hapo, wakauzwa hapo. Nilizunguka kiwanja chote nikitafuta kibao kinachosema hivyo. Sikukiona. Nikakaa kwenye benchi, nikawasomea fatiha, na watoto waliendelea kucheza mpira.